Mvua ya herufi za Kijapani kwenye terminali: cmatrix -c inatoa visanduku vitupu

mwana_langoni

Assalaam aleikum. Swali ni la kompyuta iliyo dukani hapa Langoni. Skrini imegeuzwa dirishani, inatazama Usita wa Mui, na kila jioni inatakiwa ionyeshe ile mvua ya herufi za kijani zinazoporomoka kutoka juu. Nataka ziwe herufi za Kijapani, si ABC.

Hali ni hii:

- Debian 12 na Xfce, terminali ni xfce4-terminal. cmatrix, programu inayochora mvua hiyo, ni toleo 2.0 la apt. LANG ni sw_KE.
- `cmatrix` peke yake inashuka vizuri. `cmatrix -c` inajaza visanduku vitupu.
- Ndani ya tmux (programu ya kugawa terminali moja kuwa nyingi) hata visanduku hakuna, ni vistari vya chini tu: _ _ _ _
- Nikienda konsoli tupu kwa Ctrl+Alt+F3, alama moja ile ile inajirudia skrini nzima.

Je, ni lazima lugha ya mfumo iwe Kijapani? Na bando ni la kupima, kwa hiyo anayejua fonti ndogo anitajie.

mkomani_tty

Waaleikum salaam dada. Lugha ya mfumo iache ilivyo. Kompyuta inayoongea Kiswahili inaweza kuchora katakana (aina mojawapo ya herufi za Kijapani) bila shida yoyote, mradi lokali yake, yaani mpangilio wa lugha na herufi, ni ya UTF-8, na sw_KE ni ya UTF-8 tangu ilipotengenezwa.

Ulichonacho ni kasoro tatu tofauti zilizokuja kwa mpigo, na kila moja ina alama yake. Zitenganishe kwanza kabla hujapakua kitu. Andika amri hizi mbili kwenye xfce4-terminal, nje ya tmux:

    printf '\xef\xbd\xb1\n'
    printf '\uff71\n'

Zote zinaomba herufi moja, ｱ, yaani "a" ya katakana nyembamba. Ya kwanza inatuma baiti tatu za UTF-8 kama zilivyo, haiulizi lokali. Ya pili inaiachia bash izitengeneze baiti hizo kwa kufuata lokali. Kwa hiyo:

Zote mbili zikitoa kisanduku, baiti zimefika na terminali imezielewa, ila hakuna fonti yenye umbo la herufi hiyo. Hapo ndipo ulipo wewe.

Ya kwanza ikitoa ｱ na ya pili ikaandika `\uFF71` vile vile ilivyo, tatizo ni lokali. Hakikisha kwa `locale charmap`. Jibu linalotakiwa ni UTF-8. Ikijibu ANSI_X3.4-1968, hiyo ni ASCII tupu, yaani herufi za Kiingereza pekee, na cmatrix haitaweza kutoa katakana hata fonti ziwe mia.

Ukiona ï½± badala ya ｱ, terminali inasoma baiti moja moja kama Kilatini. Hii huwapata sana wanaoingia kwa PuTTY: nenda Window, kisha Translation, uchague UTF-8.

Sasa fonti. Uliza:

    fc-list :charset=ff71 family

Ikinyamaza, huna hata moja. DejaVu Sans Mono, ambayo Debian huipa kazi ya Monospace, haina katakana. Wengi watakuambia uweke fonts-noto-cjk. Ni fonti nzuri, lakini imebeba Kichina, Kijapani na Kikorea pamoja, na kuipakua kunakula zaidi ya megabaiti 50. Kwa mvua ya katakana hiyo ni jahazi zima kwa gunia moja. Weka hii, ni ya megabaiti chache:

    sudo apt install --no-install-recommends fonts-ipafont-gothic
    fc-cache -f

Rudia fc-list, sasa iseme IPAGothic. Kisha funga madirisha YOTE ya xfce4-terminal, si lile moja tu. Madirisha yake yanaendeshwa na mchakato mmoja, na mchakato uliofunguka kabla ya fonti kuwekwa unaweza kuendelea kukuonyesha visanduku. Hapa ndipo watu hudhani fonti haikufanya kazi wakaanza kupakua nyingine.

Huna haja ya kuichagua IPAGothic kwenye mipangilio ya terminali. Acha DejaVu kama fonti kuu; fontconfig, inayowachagulia programu fonti, itachota ｱ kutoka IPAGothic kila inapohitajika, na maandishi yako ya kawaida yatabaki yanasomeka vizuri.

Kuhusu Ctrl+Alt+F3: pale hakuna fontconfig. Konsoli ya keneli hutumia fonti moja tu ya maumbo 256, au 512 kwa wingi wake, na ile ya Debian haina katakana. cmatrix ina `-l` kwa ajili ya konsoli, lakini hiyo haitumii Unicode: inapakia fonti yake iliyopachika maumbo ya Kijapani kwenye nafasi za 166 hadi 217. Usiichanganye na `-c`. Na usitumie `-x` ndani ya xfce4-terminal. Ni ya xterm yenye fonti maalumu ya mtx, na bila fonti hiyo utapata alama za Kilatini. Ushauri wangu, baki kwenye Xfce. Kwa dirisha la duka hakuna unachopoteza.

shela_seva

Mkomani amemaliza la fonti. Mimi niseme la tmux, maana hilo linawachanganya hasa wenye lokali ya Kiswahili.

tmux haichunguzi charmap ili kujua kama terminali yako inakubali UTF-8. Inatazama maandishi: inachukua LC_ALL, isipokuwepo LC_CTYPE, isipokuwepo LANG, na kutafuta ndani yake neno "UTF-8" au "UTF8". LANG yako ni `sw_KE`. Kwa glibc, maktaba kuu ya mfumo, hiyo ni UTF-8 kamili, lakini neno lenyewe halimo, basi tmux inaamua terminali haiwezi na inabadilisha kila herufi isiyo ya ASCII kuwa kistari cha chini. Ndiyo maana cmatrix nje ya tmux ilifika hatua ya visanduku na ndani yake haikufika.

Ya haraka ni `tmux -u`. Ya kudumu:

    sudo update-locale LANG=sw_KE.UTF-8

halafu utoke kwenye Xfce na uingie tena. Angalia kwanza `locale -a | grep sw`, ukiona sw_KE.utf8 upo salama. Kama haipo, ondoa alama ya # kwenye mstari wa `sw_KE UTF-8` ndani ya /etc/locale.gen, kisha `sudo locale-gen`.

Nimeandika update-locale kwa makusudi, si `export LANG=...` ndani ya .bashrc. Skrini ya dirishani utataka ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, na programu inayoanzishwa na Xfce haipiti kwenye bash, kwa hiyo .bashrc haisomwi kamwe. Matokeo yake ni kwamba ukiandika amri kwa mkono inakwenda, ikijianzisha yenyewe inaharibika.

Tengeneza faili ~/.config/autostart/mvua.desktop:

    [Desktop Entry]
    Type=Application
    Name=Mvua
    Exec=xfce4-terminal --fullscreen --hide-menubar --hide-scrollbar -x cmatrix -c -b -u 6

`-u` ni kuchelewesha, kuanzia 0 hadi 10; ya kawaida ni 4. Kwa mashine kuukuu 6 au 7 inapunguza kazi ya prosesa, na kwa mtu anayepita barabarani mvua ya polepole inasomeka vizuri kuliko ya kasi. Kuza fonti hadi 18 au 20 kwenye mipangilio. Herufi ikiwa kubwa, vyumba vya kuchora vinapungua, na mashine inapumua.

Usisahau kuzima kulala kwa skrini: `xset s off -dpms`, na pia kwenye mipangilio ya umeme ya Xfce, la sivyo hiyo itaipiku xset.

Ukiingia mashine hiyo kwa ssh kutoka kompyuta nyingine, ssh ya Debian huibeba LANG ya huko unakotoka. Kama lokali hiyo haijatengenezwa kwenye mashine unayoingia, utaona onyo la setlocale na utaangukia ASCII. Tiba ni kuitengeneza lokali hiyo, au kuendesha `LC_ALL=C.UTF-8 cmatrix -c`.

mwana_langoni

Allah awabariki. Visanduku vimeondoka na tmux imekubali. Yamebaki mawili. Nimejaribu kuandika ya kwangu kwa Python ili nichanganye hiragana na kanji, zile aina nyingine mbili za herufi za Kijapani, lakini safu zinasukumana, herufi zinapandana, na mara nyingine programu inakufa na `_curses.error`. La pili, kwenye filamu ile ya The Matrix ya 1999 herufi zimegeuzwa kama unazitazama kiooni. Zile cmatrix haina?

matondoni_kodi

Dada, hilo la kusukumana ndilo kiini cha Kijapani chote kwenye terminali, kwa hiyo nitalikalia.

Terminali ni ubao wa vyumba vilivyo sawa. A inakaa chumba kimoja. Lakini ア ya kawaida, hiragana zote na kanji zote hukaa vyumba viwili. Jaribu:

    printf '\xef\xbd\xb1|\nA|\n\xe3\x82\xa2|\nAA|\n'

Mkwaju | wa mstari wa kwanza utasimama juu ya ule wa A, na wa tatu juu ya ule wa AA. Kama hausimami hivyo, terminali na fonti hazikubaliani upana, na hakuna kodi itakayokuokoa.

Katakana nyembamba zilitoka kwenye kiwango cha Kijapani JIS X 0201 cha mwaka 1969. Baiti moja ilikuwa na nafasi 256 tu, herufi za Kilatini zimeshika nusu ya chini, kwa hiyo waliweka alama 63 za Kijapani kuanzia 0xA1 hadi 0xDF, kila moja ikiwa na upana wa herufi ya Kilatini. Kanji hazikuwa na pa kuingia. Unicode ilizihifadhi hizo 63 kama zilivyo, kuanzia U+FF61 hadi U+FF9F. cmatrix inachagua kati ya U+FF66 na U+FF9D. Inaacha nukta na mabano ya mwanzoni, na inaacha mbili za mwisho, ﾞ na ﾟ.

Hizo mbili za mwisho usiziingize kamwe. Ni alama za kugeuza sauti, kama ｶ ikawa ｶﾞ. Unicode inazihesabu kuwa viambatisho vya herufi iliyotangulia, na baadhi ya terminali huzigandisha kwa jirani. Safu moja ikigandishwa, mstari mzima unahama.

Python inakuambia upana bila kubahatisha: `unicodedata.east_asian_width('ｱ')` inajibu H, na ya 'ア' inajibu W. H ni chumba kimoja, W ni viwili.

Sasa `_curses.error`. Inakupata kwenye kona ya chini kulia. Curses, maktaba ya kuchora kwenye terminali, ikimaliza kuandika pale hujaribu kusogeza kishale hadi chumba kinachofuata, na hakipo. Herufi pana inaifikia kona hiyo mapema zaidi, kwa sababu imeshika vyumba viwili. Anza na hii, ni ya nyembamba tu:

    import curses, locale, random
    locale.setlocale(locale.LC_ALL, '')
    KANA = [chr(n) for n in range(0xFF66, 0xFF9E)]

    def mvua(s):
        curses.curs_set(0)
        curses.use_default_colors()
        curses.init_pair(1, curses.COLOR_GREEN, -1)
        s.timeout(60)
        h, w = s.getmaxyx()
        vichwa = [random.randint(-h, 0) for _ in range(0, w - 1, 2)]
        while s.getch() == -1:
            for i, y in enumerate(vichwa):
                x = i * 2
                if 0 <= y < h:
                    s.addstr(y, x, random.choice(KANA), curses.A_BOLD)
                if 0 < y <= h:
                    s.addstr(y - 1, x, random.choice(KANA), curses.color_pair(1))
                if 0 <= y - 15 < h:
                    s.addstr(y - 15, x, ' ')
                vichwa[i] = y + 1 if y - 15 < h else random.randint(-h, 0)

    curses.wrapper(mvua)

Mstari wa setlocale usiufute hata ukiona hauna kazi. Ndio unaoipa curses UTF-8. Safu zinaruka moja moja, kama cmatrix yenyewe inavyofanya, na nafasi hiyo ndiyo inayowezesha kuingiza herufi pana bila kugusana. Ukitaka hiragana, ongeza `range(0x3041, 0x3097)`, badilisha `w - 1` kuwa `w - 3` ili ikae mbali na kona, na ufute kwa nafasi mbili badala ya moja. Na pale inapoandikwa nyembamba juu ya pana, andika nyembamba pamoja na nafasi moja nyuma yake, usiache nusu ya herufi ya zamani ikining'inia. Kitufe chochote kinaifunga, hata kubadilisha ukubwa wa dirisha.

Kanji ni mlango mwingine. Kuanzia U+4E00 Unicode imeziunganisha za Kichina na Kijapani kwenye namba moja, na umbo linaamuliwa na fonti. 直 na 骨 huchorwa tofauti kwenye fonti ya Kichina. Kwa kuwa una IPAGothic peke yake utapata za Kijapani. Siku ukiweka Noto, hakikisha inayochaguliwa ni JP (ya Kijapani), si SC (ya Kichina). Binafsi ningebaki na katakana. Mistari yake ni michache na imenyooka. Kanji kwa fonti ndogo inageuka doa la kijani.

Za kiooni hazina namba kwenye Unicode, kwa hiyo hakuna programu ya terminali inayoweza kuziita. Njia ni kutengeneza fonti: fungua ipag.ttf kwa FontForge, chagua U+FF66 hadi U+FF9D, nenda Element, Transformations, Transform, uchague Flip ya mlalo. Baada ya kugeuza, fanya Correct Direction, kwa sababu mzunguko wa mistari umegeuka na sehemu za ndani zinaweza kujaa rangi. Ibadilishe jina, leseni ya IPA hairuhusu fonti iliyorekebishwa kubeba jina la asili. Iweke ~/.local/share/fonts, `fc-cache -f`, na safari hii uichague mwenyewe kama fonti ya terminali, maana fontconfig haijui kwamba unataka zilizogeuzwa.

pate_mwandishi

Na mvua ya herufi za Kiarabu je? Mji ulioandika tenzi zake kwa herufi hizo karne nyingi, ningependa kuiona dirishani hapo siku za Maulidi. Ila nikijaribu, herufi zinacheza zigizaga badala ya kushuka wima.

matondoni_kodi

Wazo zuri sana, na linawezekana. Watu huogopa kuunganika kwa herufi, lakini hapa halikuhusu: kila herufi iko peke yake na chumba kitupu kando yake, basi inachorwa katika umbo lake la pekee.

Zigizaga inatoka kwingine. xfce4-terminal imejengwa juu ya VTE, maktaba ya kutengenezea terminali, na VTE tangu toleo 0.58 la mwaka 2019 inapanga Kiarabu kutoka kulia. Katika kila mstari, kuanzia herufi ya kwanza ya Kiarabu hadi ya mwisho, mpangilio unageuzwa. Mstari wa juu una herufi saba, wa chini yake una tisa, basi safu ile ile inaangukia mahali tofauti kila mstari. Zima kabla ya kuanza:

    printf '\033[8l'

na ukimaliza rudisha kwa `\033[8h`.

Herufi ziandike moja moja kwa mkono, usichukue masafa mazima. Ukianzia U+0621 ukaenda moja kwa moja utakumbana na U+0640, ambayo ni kirefusho tu, na kuanzia U+064B ni irabu za juu na chini zisizo na upana. Zitakwenda kukaa juu ya jirani. Andika zile 28, kisha uongeze پ چ ڤ گ, ndipo p, ch, v na g za Kiswahili zipate mahali. DejaVu Sans Mono ina za Kiarabu, kwa hiyo huenda usihitaji kupakua chochote; hakikisha kwa `fc-list :charset=6a4 family`.

mwana_langoni

Ya katakana imesimama, na ya Kiarabu nitaiandaa. Swali dogo la mwisho: neno la kukaribisha katikati ya skrini?

shela_seva

`cmatrix -c -b -u 6 -M KARIBU`. Liandike kwa ASCII. Ukiandika ようこそ, cmatrix inahesabu baiti badala ya vyumba: herufi nne ni baiti 12, vyumba ni 8, na neno linaegemea kushoto ndani ya fremu iliyozidi upana kwa vyumba vinne.